Mdai akipinga ombi la ufilisi: namna ya kuhudhuria vikao vya mahakama Kenya na Tanzania

Wafanyabiashara na wasafirishaji wengi wa Afrika Mashariki wanaposikia neno kufilisika hudhani ni jambo la kutangaza tu, kisha madeni yanafutika. Sheria haisemi hivyo. Mtu hawi mufilisi mpaka mahakama itamke, na kabla au baada ya mahakama kutamka, mdai yeyote ana nafasi ya kusimama na kupinga. Hapo ndipo vikao vinapokuwa na uzito. Mdaiwa asiyefika, au anayefika mikono mitupu, anaweza kupoteza kinga aliyokuwa akiitafuta na kuachwa wazi mbele ya madalali wa mahakama.

Makala haya yanaeleza sababu zinazowafanya wadai kupinga, aina za vikao, nyaraka za kuandaa, mwenendo ndani ya mahakama na mambo ya kuangalia pale wadai wanapokuwa pande mbili za mpaka.

Sheria zinazotumika

Nchini Kenya sheria kuu ni Sheria ya Ufilisi, Namba 18 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya kufilisika, Sura ya 53. Kifungu cha 32 kinamruhusu mdaiwa mwenyewe kuiomba mahakama imtangaze mufilisi kwa sababu hawezi kulipa madeni yake. Ombi huambatana na taarifa ya hali yake ya kifedha inayoonyesha mali, madeni na majina ya wadai. Ofisi ya Mpokezi Rasmi, ambayo husimamia masuala haya kwa niaba ya serikali, iko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, inayojulikana kwa kifupi kama BRS.

Nchini Tanzania Bara inatumika Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, ambayo asili yake ni sheria ya wakati wa ukoloni iliyofuata mfumo wa Uingereza. Hapa mambo huenda kwa hatua. Kwanza mahakama hutoa amri ya kupokea mali, na mali huwekwa chini ya Mpokezi Rasmi. Kisha wadai hukutana, mdaiwa huhojiwa hadharani, na ndipo anaweza kutangazwa mufilisi. Shughuli za ufilisi kwa upande wa serikali zinahusiana na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA.

Ikumbukwe kuwa taratibu za kufilisika zinazoelezwa hapa zinamhusu mtu binafsi. Mwenye malori aliyesajili jina la biashara tu bado ni mtu binafsi, na madeni ya biashara hiyo ni yake. Kampuni yenye dhima ya kikomo ina utaratibu wake wa kufungwa na kufilisiwa. Hata hivyo, mkurugenzi aliyeweka sahihi kama mdhamini wa mkopo wa kampuni anaweza kudaiwa yeye mwenyewe, hata baada ya kampuni kufungwa.

Kwa nini mdai hupinga

Mdai hapingi kwa hasira tu. Mara nyingi ana hoja mojawapo kati ya hizi:

1. Mdaiwa ana uwezo wa kulipa. Mdai huleta ushahidi kwamba lori bado linafanya safari, kwamba kuna kiwanja ambacho hakikutajwa, au kwamba fedha zinaingia kwenye akaunti ya mke, mume au ndugu.

2. Ombi ni la kukwepa hukumu. Mdai ameshapata hukumu na ameanza kukaza, mdaiwa anakimbilia kufilisika ili asipelekwe jela ya madai au mali isikamatwe. Mahakama za Kenya zimewahi kukataa maombi ya aina hii zikiyaona ni matumizi mabaya ya sheria.

3. Mali zimehamishwa. Lori limeandikishwa kwa jina la shemeji miezi michache kabla ya ombi, bila malipo ya maana. Zawadi na uhamisho wa namna hii uliofanyika ndani ya miaka 2 kabla ya kufilisika uko katika hatari kubwa ya kubatilishwa, na wakati mwingine hata wa zamani zaidi.

4. Mdai mmoja alipendelewa. Mdaiwa alimlipa rafiki au ndugu deni lote, wengine wakaachwa bila kitu.

5. Deni lilitokana na udanganyifu. Mtu alichukua mzigo au mafuta kwa mkopo akijua fika kwamba hatalipa, au alitumia nyaraka za uongo.

6. Mahakama siyo mahali pake. Mdai anadai kwamba makazi na biashara ya mdaiwa viko nchi nyingine.

Mdaiwa akishapokea hati ya kupinga, jambo la kwanza ni kujua ni hoja ipi kati ya hizi inayotajwa. Maandalizi yote ya kikao yanategemea hilo. Kujibu kwamba hali ni ngumu na biashara imekufa hakusaidii ikiwa mdai anauliza kwa nini lori limebadilishwa jina.

Aina za vikao

Si kila tarehe ya mahakama ni ya kusikiliza shauri. Wengi hupoteza nauli na muda kwa kutotofautisha.

Kutajwa kwa shauri. Hiki ni kikao kifupi. Mahakama huangalia kama wahusika wamepewa nyaraka, kama mdai ameleta hati ya kiapo ya kupinga, na hupanga tarehe ya kusikiliza. Mashahidi hawahitajiki, lakini mdaiwa au wakili wake lazima awepo.

Kusikilizwa kwa pingamizi. Hapa hoja za pande zote hutolewa, mara nyingi kwa hati za kiapo na maelezo ya maandishi. Mahakama inaweza kuruhusu aliyeapa ahojiwe na upande wa pili.

Mahojiano ya hadharani. Mdaiwa huapishwa na kuulizwa kuhusu mwenendo wake, biashara yake na mali zake. Kwa utaratibu wa Tanzania, Mpokezi Rasmi hushiriki, na mdai aliyewasilisha uthibitisho wa deni lake anaweza kuuliza maswali. Mdaiwa anawajibika kujibu maswali yote ambayo mahakama imeyauliza au kuyaruhusu. Majibu huandikwa, husomwa mbele yake na hutiwa sahihi, na yanaweza kutumika dhidi yake baadaye.

Kikao cha kuachiliwa. Hapa ndipo nchi hizi mbili zinapotofautiana zaidi. Nchini Kenya mufilisi huachiliwa moja kwa moja baada ya miaka 3 tangu alipowasilisha taarifa ya hali yake ya kifedha, isipokuwa kama kuna pingamizi. Mpokezi Rasmi au msimamizi wa mali anaweza kupinga. Mdai naye anaweza, kwa ruhusa ya mahakama. Nchini Tanzania kuachiliwa hakuji kwenyewe. Mufilisi huomba, wadai hupewa taarifa, na mahakama husoma ripoti ya Mpokezi Rasmi kabla ya kuamua. Kwa hiyo mtu anayekaa kimya miaka 10 akisubiri mambo yaishe anaweza kukuta bado ni mufilisi kisheria.

Kubatilisha amri. Mdai au mhusika mwingine anaweza kuiomba mahakama ifute amri ya kufilisika kwa hoja kwamba haikustahili kutolewa. Amri inaweza kubatilishwa pia kwa sababu madeni yote yamelipwa.

Nyaraka za kuandaa

Katika mashauri haya karatasi husema kuliko maneno. Mfanyabiashara au msafirishaji anashauriwa kupanga jalada moja lenye:

- Kitambulisho au hati ya kusafiria, na wito wa mahakama wenye namba ya shauri.
- Taarifa ya mali na madeni kama ilivyowasilishwa, pamoja na marekebisho yake.
- Taarifa za benki na za akaunti za fedha za simu. Mawakili wa wadai huzisoma mstari kwa mstari.
- Kadi za magari na matrela, pamoja na mikataba ya mauzo kama gari limeuzwa, na uthibitisho kwamba fedha zilipokelewa na zilitumika wapi.
- Daftari la safari, risiti za mafuta, ankara za wateja na hati za kupokelea mzigo.
- Nyaraka za forodha za mizigo iliyokwama, kutaifishwa au kuharibika.
- Taarifa za polisi na bima kama chanzo cha hasara ni ajali au wizi.
- Barua na ujumbe wa simu kati ya mdaiwa na mdai anayepinga.

Kutoweka hesabu za biashara ni kosa linalogharimu. Chini ya sheria ya Tanzania, miongoni mwa mambo yanayoweza kuifanya mahakama ikatae kumwachilia mufilisi, iahirishe au iweke masharti ni haya: kutokuwa na vitabu vya hesabu vya kawaida kwa biashara yake katika miaka 3 kabla ya kufilisika, kuendelea kufanya biashara huku akijua hawezi kulipa, kukopa bila matumaini ya kulipa, kushindwa kueleza mali imepotelea wapi, kucheza kamari au kuishi kwa anasa, na mali kutofikia nusu ya madeni yasiyo na dhamana.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni. Msafirishaji wa Arusha ana lori moja lenye thamani ya Sh milioni 60, ambalo benki inalishikilia kwa mkopo wa Sh milioni 75. Anadaiwa mafuta Sh milioni 40, matairi na vipuri Sh milioni 12, na mteja wa Nairobi anamdai thamani ya Sh milioni 48 kwa mzigo uliopotea. Mali nyingine ni kiwanja cha Sh milioni 15 na Sh milioni 9 anazodai wateja.

Benki ina dhamana, hivyo inaweza kuuza lori na kuchukua Sh milioni 60. Sh milioni 15 zilizobaki zinaingia kundi la madeni yasiyo na dhamana. Kundi hilo sasa ni 15 + 40 + 12 + 48, yaani Sh milioni 115. Mali iliyobaki ni Sh milioni 24. Kabla ya kutoa gharama na madeni yenye kipaumbele, kila mdai angepata karibu senti 21 kwa kila shilingi.

Hesabu kama hii ikionyeshwa wazi, hoja ya mdai kwamba mdaiwa anaweza kulipa hudhoofika. Lakini kama kiwanja kile hakikuandikwa kwenye taarifa, mteja wa Nairobi akileta ushahidi wa umiliki, hesabu nzima huonekana ya uongo hata kama tarakimu nyingine ni sahihi. Mali iliyosahauliwa itajwe mapema kwa hati ya nyongeza, kabla mdai hajaitaja.

Siku ya kikao

Mdaiwa athibitishe tarehe, saa na chumba kupitia wakili, masijala au orodha ya mashauri. Tangu mwaka 2020 mahakama za Kenya zimekuwa zikisikiliza mashauri mengi kwa njia ya video, na Tanzania ilitunga kanuni za uendeshaji wa mashauri kwa mtandao mwaka 2021. Hii ni nafuu kwa aliye safarini, lakini si vyema kujiunga akiwa ndani ya lori au kwenye foleni ya mpakani. Atafute mahali tulivu penye mtandao wa uhakika. Kama kikao ni cha mahojiano, aulize mapema iwapo anatakiwa kufika mwenyewe.

Kuhusu lugha, Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ingawa Kiingereza kinaweza kutumika pale haki inapohitaji. Nchini Kenya lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Asiyekimudu aombe mkalimani tangu siku ya kutajwa, asingoje mpaka maswali yameanza.

Ndani ya mahakama, mdaiwa asimame anapozungumza, amwite jaji Mheshimiwa na azime simu. Ajibu alichoulizwa tu. Asipoelewa swali, aombe lirudiwe. Asipokumbuka tarehe au kiasi, aseme hakumbuki na aombe kuangalia nyaraka, kwani kukisia chini ya kiapo ni hatari. Mdai akitoa maneno makali, asijibizane naye. Majibu yote yaelekezwe kwa jaji.

Mazungumzo ya kwenye korido ni ya kawaida na wakati mwingine huzaa suluhu. Hata hivyo, kumlipa kwa siri mdai anayepinga ili aondoe pingamizi ni kosa kubwa. Suluhu yoyote iandikwe, ipitie kwa Mpokezi Rasmi au msimamizi wa mali, na iwasilishwe mahakamani ili wadai wengine waione.

Asiyefika

Mwombaji asipofika siku ya kusikilizwa, ombi lake linaweza kutupwa. Lililotupwa huondoa kinga, na mdai anarudi kukaza hukumu yake. Asipofika kwenye mahojiano bila sababu ya msingi, mahakama inaweza kutoa hati ya kumkamata.

Dharura hutokea: gari huharibika njiani, au mtu hulazwa. Katika hali hiyo wakili au mdaiwa aiarifu masijala na upande wa pili mapema kwa maandishi, aombe kuahirishwa na kuambatisha uthibitisho, kama cheti cha daktari. Kisingizio cha kuwa safarini kupeleka mzigo hakikubaliki kirahisi, hasa pale mdai anapodai kwamba mdaiwa bado ana kazi na kipato.

Wasafirishaji wawe waangalifu zaidi kuhusu kuvuka mpaka. Mdaiwa anayeonekana kutaka kuondoka nchini ili kukwepa mahojiano au kuchelewesha shauri anaweza kukamatwa kwa amri ya mahakama. Dereva mmiliki ambaye riziki yake ni safari za Namanga, Holili au Sirari aombe ruhusa kwa maandishi kwa msimamizi wa mali au mahakama kabla ya kuondoka, na abaki na nakala ya ruhusa hiyo.

Wadai wa nchi jirani

Kufilisika katika nchi moja hakuwazuii wenyewe kwa wenyewe wadai wa nchi nyingine. Kenya, kupitia Jedwali la Tano la Sheria ya mwaka 2015, inatumia utaratibu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ufilisi unaovuka mipaka. Uganda nayo iliuingiza katika sheria yake ya mwaka 2011. Kwa utaratibu huo, msimamizi wa mali kutoka nje anaweza kuomba shauri lake litambuliwe, na mdai wa kigeni hawekwi nyuma kwa sababu tu ya utaifa wake. Tanzania haijaupitisha utaratibu huo, hivyo ushauri wa wakili wa pande zote mbili ni muhimu.

Pia hukumu ya deni la fedha iliyotolewa na mahakama za juu za Tanzania, Uganda au Rwanda inaweza kusajiliwa Mahakama Kuu ya Kenya na kukaziwa huko. Hivyo mwenye gari au akaunti Kenya asidhani kwamba deni la Mwanza limebaki Mwanza. Mali zote za ng'ambo ya mpaka ziandikwe kwenye taarifa, na wadai wote watajwe pamoja na anwani zao ili wapewe taarifa. Mdai aliyerukwa ndiye mara nyingi anayekuja baadaye na pingamizi zito.

Uamuzi na kinachofuata

Mahakama inaweza kulitupa pingamizi na kutoa amri, kulikubali na kukataa ombi, au kuelekeza pande zote zijaribu mpango wa malipo. Katika kikao cha kuachiliwa inaweza kumwachilia mufilisi mara moja, kuahirisha kwa muda, au kuweka masharti, kwa mfano kuchangia sehemu ya mapato yake.

Aliyeshindwa na anataka kukata rufaa asichelewe. Kwa kanuni za Mahakama ya Rufani, notisi ya rufaa Kenya huwekwa ndani ya siku 14 na Tanzania ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Baadhi ya amri huhitaji ruhusa kwanza.

Aliyeshinda naye afahamu mipaka ya ushindi wake. Madeni yaliyotokana na udanganyifu hayafutwi kwa kuachiliwa. Benki yenye dhamana haipotezi lori lake. Wadhamini waliomwekea sahihi bado wanadaiwa, na ni vyema wakaelezwa hali ilivyo kabla madalali hawajafika kwao. Na kwa kipindi chote ambacho hajaachiliwa, asikope mafuta au bidhaa bila kumwambia mwenye mali kwamba yeye ni mufilisi.

Mwenye shauri la aina hii amwone wakili mapema, kwani tarehe na masharti hutofautiana kati ya mahakama na mahakama. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuulizia msaada wa kisheria kwenye masijala, au kwa mashirika ya msaada wa kisheria yaliyosajiliwa katika nchi yake.